Ile Kubwa na Ile ya Madam

Chepkorir wangu,

Sikuulizi kama hujambo, maana nakusikia ukikohoa upande wa pili wa ukuta huu wa mbao, na kwa jinsi unavyokohoa najua bado umenikasirikia. Hata mimi nina hasira. Tangu juzi tunapishana jikoni kama wake wenza, huyu akiingia yule anatoka. Baba yako ametuchoka sote wawili, amehamia kwa ng'ombe.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika katika darasa la ngumbaru. Kikwetu nakijua kwa mdomo, na kwa mdomo nimeshindwa. Kila nikianza kusema juu ya hizi baiskeli, sauti inayotoka ni ya kugombana, na mimi sitaki kugombana, nataka kulia. Nisamehe mwandiko huu unaopanda na kushuka. Mkono wangu umeumia leo, na nitakueleza umeumiaje.

Sitakuandikia habari za sweta, wala maji ya kuchemsha, wala wavulana. Shangazi yako wa Kabianga amekwisha kuyamaliza hayo mpaka ukaziba masikio. Mimi nina neno moja tu, na ni ombi. Nimezoea kukuamuru, kuomba sijui vizuri, kwa hiyo nitaomba vibaya: usichukue ile kubwa. Nakusihi, mwanangu. Usiende na ile kubwa.

Jumamosi meneja wa shamba la chai alipozishusha baiskeli kwenye gari, mimi nilifurahi kuliko wewe. Nimempikia yeye na mkewe miaka yote uliyokuwa shuleni, nimewafulia, nimewalelea mbwa, na sasa wanarudi kwao wamesema wanakuachia baiskeli. Chagua moja, yake au ya madam, na itakayobaki dereva wao ataichukua kesho atakapokuja kukubeba na mizigo yako. Nilimshukuru Mungu palepale mbele ya watu. Kampuni ya Naivasha iliyokuajiri inataka kila anayeongoza wageni aje na baiskeli yake mwenyewe, ya milimani, yenye springi mbele na nyuma, na sisi hapa hata ya springi ya kiti hatukuwa nayo. Nikasema, tazama, mlango umefunguka. Sikujua ninaingiziwa msiba wangu sebuleni, tena ukiwa umeegemezwa kwenye kabati la vyombo.

Mjomba wako wa Longisa alikuja kukuaga akageuka mnunuzi. Ulimwona. Aliizunguka ile kubwa mara ya kwanza, mara ya pili, akainama akaichungulia chini kama anayetafuta chuchu. Kisha akaikalia na tumbo lake lote. Springi ikazama, ikamwinua tena, naye akacheka kama mtoto.

"Aii! Hii mgongo yake ni laini mising, laini kabisa! Chepkorir, chukua hii. Hiyo ingine ni ndama. Mtu akipewa ng'ombe na ndama, nani anachukua ndama?"

Wote wakacheka. Ndivyo tulivyo. Kwetu kila kitu tunakichagua kama ng'ombe: tunatazama ukubwa, tunapapasa mgongo, tunauliza kitabeba nini. Hakuna aliyeuliza ni nani atakayeipanda.

Fundi wa baiskeli wa Roret naye akamuunga mkono mjomba wako. Alisema ile kubwa springi zake ni za mafuta na inateremka taratibu hata penye mawe, lakini ile ya madam ina raba tu zilizopangwa ndani ya bomba, na asubuhi ya baridi raba zinakuwa ngumu kama mahindi ya jana. Yote aliyosema ni kweli, sibishani na fundi. Lakini fundi naye ni mrefu kama mlingoti.

Na wewe ukasema yako. Ulisema, "Mum, huko ni wanaume watupu. Nikifika na ya madam, hiyo ya rangi ya zambarau, wataniweka nyuma nibebe maji ya wageni. Mimi sijaenda kubeba maji. Naenda kuongoza."

Chepkorir, neno hilo lilinichoma kwa sababu nalijua. Mimi nimebeba maji ya watu maisha yangu yote. Ningekuwa mama mwenye busara ningekaa chini nikakuambia, "Nimekusikia, mwanangu, ni kweli, wataanza kwa kukudharau." Badala yake nilikuambia, "Basi nenda nayo, ukavunjike."

Nilisema hivyo, nikiwa nimeshika mwiko wa ugali. Mwiko ulibaki hewani na wewe ukatoka nje. Tangu hapo sijalala. Unajua kwetu mama hamwambii neno kama hilo mtoto anayefunga safari. Mtu mwingine akilisema ni upepo, lakini likitoka kwa aliyekuzaa linakufuata njiani. Jana nilikwenda kwa mama mchungaji, akaniambia niombe tu, Mungu anajua sikumaanisha. Niliomba. Lakini Mungu hakuwepo jikoni aone uso wako ulivyobadilika, mimi ndiye niliyekuwepo.

Sasa nisikilize, maana nataka kukuambia habari za kaka yako.

Wewe ulikuwa mdogo sana Kiprono alipokufa. Unakumbuka watu wengi uani na mandazi uliyopewa na jirani, labda na mimi nikiwa nimekaa chini. Umekua ukisikia kwamba breki ya baiskeli ilikatika. Kijiji kizima kinajua hivyo. Wanajua pia kwamba baba yako ndiye aliyeambiwa abadilishe zile breki, akachelewa. Ndiyo maana kwenye mikutano ya wazazi watu walikuwa wakimtazama halafu wanatazama pembeni. Ndiyo maana aliacha kwenda mikutanoni.

Haikuwa breki. Ngoja nianze mwanzo.

Ninyi watoto wangu niliwavika vitu vya kukulia. Hukuwahi kuvaa sare iliyokutosha mpaka ilipokuwa imechakaa. Nilikuwa nikinunua kubwa, napiga upindo wa mkono mzima, na kila mwaka nakata uzi nashusha kidogo. Kiprono alikwenda darasa la kwanza na viatu vilivyojaa matambara kwenye vidole, vikipiga makofi njia nzima hadi shuleni. Watoto wenzake walikuwa wakimsikia kabla hawajamwona. Na kwa kuwa kweli mlikua, mkavijaza viatu na sketi na suruali, nikajiona mimi ni mwanamke mwenye akili. Majirani walinisifu. "Huyu mama anaona mbali," walisema.

Mwaka mmoja bonasi ya chai ilitoka nzuri, tukaenda Roret sisi watatu, mimi na baba yako na Kiprono, kununua baiskeli ya kupeleka majani kituoni. Muuzaji alimtazama Kiprono, maana tulimwambia mtoto ndiye atakayeiendesha akitoka shule, akatoa ile ya kadiri. Baba yako akashika usukani wake akasema, "Hii itamtosha." Mimi nikasema haifai. Kulikuwa na Black Mamba nyuma ya duka, ile ndefu nyeusi ya watu wazima, yenye keria pana ya kubeba gunia. Nikaielekezea kidole.

Baba yako alisema, "Lakini mguu yake haitafika."

Nikamjibu mbele ya watu, "Mtoto anakua, baiskeli haikui."

Duka lote likacheka. Hata muuzaji alicheka. Nilipendezwa na maneno yangu mwenyewe, nikaona kama nimetunga methali. Baba yako akaachia usukani wa ile ya kadiri, tukalipa, tukarudi nyumbani na ile kubwa.

Kwanza Kiprono aliiendesha kwa kupitisha mguu chini ya lile chuma la katikati, mwili wote umepinda upande mmoja. Alipoongezeka kidogo akaanza kukaa juu, lakini vidole vya miguu vilikuwa vikining'inia. Kwenda alijua. Alikuwa akienda vizuri kuliko wanaume. Kusimama ndiko kulikokuwa na shida. Akitaka kusimama lazima atafute jiwe, au ukingo wa barabara, au aruke kando kabla haijasimama na kuikamata kwa mikono. Bila mzigo aliweza. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na mara nyingi nilijiambia, mwaka ujao atafika chini. Mwaka ujao.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha. Lori la majani lilikuja mapema, tukasikia honi yake ng'ambo, na unajua majani yakilala nyumbani yanaungua na karani hayapokei. Nilimfungia magunia yote mawili kwenye keria nikamwambia, "Haraka, haraka, tutaachwa." Ndilo neno la mwisho nililomwambia. Hata jina lake sikulitaja.

Aliteremka mpaka daraja la mbao kule mtoni. Kondoo wa jirani walikuwa wamejaa darajani. Alishika breki. Mama aliyekuwa akiteka maji pale alinieleza mwenyewe baada ya mazishi, alikuja usiku kwa siri kwa sababu hakutaka kupingana na wazee. Aliniambia, "Alisimama. Nilimwona amesimama kabisa, kondoo wanapita mbele yake. Halafu akatafuta chini na mguu. Hakupata. Mzigo ikamvuta upande ya maji."

Unaelewa, Chepkorir? Hakufa kwa mwendo. Alikuwa amekwisha kusimama. Udongo ulikuwa pale chini yake, umepungua kidogo tu kama urefu wa kiganja, na kiganja hicho mimi ndiye niliyekinunua Roret nikicheka.

Sikumwambia mtu. Yule mama alihamia kwao Sotik, na mimi nikalimeza. Watu waliposema breki, nikaacha waseme breki. Walipomtazama baba yako, niliwaona, nikainamia sufuria zangu. Huyo ndiye mke aliyekuwa naye baba yako miaka yote hii.

Ndiyo maana ulipokwenda leo kuwaaga wenzako wa kwaya, nilizitoa zile baiskeli nje. Cheka ukitaka. Mwanamke wa umri wangu, kitambaa kichwani, gambuti miguuni, hajawahi kupanda baiskeli tangu azaliwe isipokuwa kubebwa nyuma. Lakini miguu yangu ndiyo miguu yako. Sketi zangu unazivaa bila kuzipunguza, na gambuti zangu unaziiba kila siku ya mvua. Nikasema, hawa wanaume wote wamezipima kwa matumbo yao, acha mimi nizipime kwa miguu ya Chepkorir.

Nilianza na ya madam. Nikaipeleka kwenye kile kinjia kinachoteremka katikati ya chai mpaka kwenye mpaka wetu na akina Langat, nikaipanda, nikamwita Yesu, nikaachilia. Mwanangu! Kumbe ndivyo ilivyo? Lile shimo la fuko nililokuwa nikilingoja linirushe lilipita chini yangu kama halipo. Upepo uliingia kwenye mikono ya blauzi. Nilicheka kwa sauti peke yangu katikati ya chai, mimi ambaye sijacheka tangu juzi. Kule chini nikabana breki, nikaweka miguu yote miwili chini, visigino na vyote, nikasimama. Nilisimama pale muda mrefu tu nikifurahia kusimama.

Kisha nikachukua ile kubwa. Ilibidi nipandie kwenye ngazi ya tangi la maji. Na sitakudanganya, maana barua ya uongo haina haja: ile kubwa ni tamu zaidi. Inateleza. Mjomba wako hakusema uongo na fundi hakusema uongo, na wewe hukosei kuitaka. Kama maisha yangekuwa ni kuteremka tu bila kufika, ningekuambia chukua hiyo uende. Lakini nilifika kule mpakani nikabana breki, zikashika vizuri sana, ikasimama. Nikatafuta chini.

Mjomba wako aliikalia ikazama kwa ajili ya uzito wake, akafika chini, sote tukaona inafaa. Sisi wawili hatuna uzito wa kuizamisha. Na wewe ulipoijaribu sebuleni ulikuwa umeshika kabati, nilikuona. Nje unaruka kando kabla haijasimama, unaikamata, unatabasamu. Nilikuona pia. Umejifunza peke yako mchezo uleule wa kaka yako, na hakuna aliyekufundisha. Nilipouona, badala ya kusema, nikapiga kelele juu ya rangi, zambarau ya hii na buluu ya ile kubwa, kana kwamba tunanunua vitenge.

Nilianguka kwenye chai. Mkono ukaenda chini ya usukani, umevimba lakini haujavunjika, usianze kuniuliza. Nilibaki nimelala kwenye mimea nikitazama juu, na sikuweza kuinuka. Si kwa maumivu. Nilikuwa nimejua sasa. Kwa miaka yote nilijua kwa kuambiwa, leo nilijua kwa mguu wangu mwenyewe, jinsi unavyoshuka na kushuka na haugusi kitu. Ni muda mfupi sana, Chepkorir, lakini unatosha kumwita mama. Naamini aliniita.

Baba yako alisikia kishindo akaja na panga, akidhani ni wezi wa majani. Akanikuta chini ya baiskeli. Alisimama pale akanitazama, kisha akasema, "Bot Kiprono, unafanya nini?"

Hajaniita mama wa Kiprono tangu tulipomzika. Amekuwa akiniita "wewe" tu, au "mama ya msichana". Niliposikia jina hilo nikalia kama siku ile ya kwanza. Nikamwambia yote palepale matopeni, habari za yule mama wa mtoni, habari za kusimama. Nikamwambia, "Haikuwa breki. Ni mimi. Ni ile baiskeli niliyochagua."

Aliweka panga chini. Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Breki niliweka mpya jana yake. Mimi mwenyewe na hii mikono. Ilikuwa inashika kama mbwa."

"Na watu wakisema umemuua mtoto kwa uvivu, ulinyamaza?"

Aliniondolea ile baiskeli kwanza. Kisha akasema, "Sasa ningesema si breki, wangeuliza ni nini. Na wewe ungejua. Ungekuwa wazimu. Chepkorir alikuwa mdogo, nani angemlea? Mimi watu wakinisema, ng'ombe hawaskii."

Miaka yote hii, Chepkorir. Mimi namficha yeye, yeye ananificha mimi, na wewe katikati unakua kati ya watu wawili wanaozungumza habari za maziwa na mbolea tu. Ulidhani baba yako ni mtu mkavu. Ulinieleza siku moja kwamba unaondoka nyumbani kwa sababu nyumba hii haina maneno. Sasa unajua yalikokwenda.

Nisingekuambia haya kama ningeona njia nyingine. Lakini nataka ujue pia nilichofanya baadaye, usinione mtakatifu. Baba yako alipokwenda kukamua, nilichukua bisibisi nikapiga magoti mbele ya ile kubwa. Nilitaka kuitoboa ile springi ya nyuma, mafuta yamwagike, ife, kesho ukute huna la kuchagua. Nilikuwa nimekwisha kuiweka ncha penye mpira. Baba yako akaingia na ndoo. Hakupiga kelele. Aliniambia tu, "Unataka kumchagulia tena?"

Nikampa bisibisi.

Tangu saa hiyo nimekaa hapa na kalamu. Nimebanwa, mwanangu, sijui pa kutokea. Nikikuchagulia, mimi ni yuleyule mwanamke wa dukani, na utaondoka ukinichukia, na haki yako. Nisipokuchagulia, huenda siku moja atakuja mtu kutoka Naivasha amevua kofia. Nimejaribu kutafuta la tatu na sikuliona. Nimefikiri kukufungia ndani. Nimefikiri kumwambia dereva kwamba umeugua. Mama akifika hapa hana aibu tena.

Kitu kimoja nimekielewa kwa kukiandika, nacho si cha kukufundisha, ni cha kunishangaza mwenyewe. Nilipokuwa nikiwavika vile vitu vikubwa, nilidhani nawapenda ninyi. Kumbe nilikuwa nikimpenda yule mtoto atakayekuja, yule mkubwa, wa mwaka ujao, ambaye vitu vitamtosha. Aliyekuwa mbele yangu na vidole vyake vinavyoning'inia nilikuwa namwambia angoje. Na wewe sasa, na ile baiskeli kubwa, naona unamfanyia Chepkorir vilevile. Unamtaka yule ambaye wanaume wa Naivasha watamwogopa. Huyu wa leo, mwenye miguu yangu, unamwona hatoshi. Mimi namwona anatosha. Nilipaswa kukuambia hivyo wakati bado ulikuwa unavaa sketi yenye upindo.

Watakucheka kwa ile ya zambarau, sikatai. Labda watakubebesha maji mwezi wa kwanza. Lakini wewe ni binti aliyejifunza kuendesha kwenye uwanja wa meneja huku watu wazima wakisema msichana akipanda baiskeli ataharibika. Uliwasikia na ukaendelea kuzunguka. Hao wa Naivasha watakuona ukishuka miteremko ya kwao, na utakaposimama penye jiwe na wageni nyuma yako, utakuwa umesimama kweli. Wao watachoka kucheka. Na kama hawatachoka, waache wacheke, wewe uwe hai.

Lile neno la jikoni nalirudisha. Baba yako ameniambia jinsi ya kulirudisha: asubuhi atakubariki kwa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, kama inavyotakiwa, na mimi nitasimama karibu yake niseme mbele yako, kwa sauti, kwamba niliyoyasema hayakutoka tumboni mwangu na hayana njia ya kukufuata. Usiondoke kabla sijasema. Hata kama bado una hasira, hata kama dereva anapiga honi, ningoje. Mimi na honi tuna yetu.

Kisha nitazitoa zote mbili nje, nitaziweka kwenye ule mteremko wa langoni, pasipo kabati wala ngazi wala ukuta wa kushika. Sitasema lolote. Chukua unayoitaka, uipande mbele yangu, isimamishe, ushushe miguu. Ni hilo tu ninaloomba, nione viatu vyako vikigusa chini. Ukigusa, nitafungua lango kwa mkono huu mzima na nitakupungia mpaka gari lipotee.

Na ukiona hugusi, na bado ni hiyo unayoitaka, uniambie polepole, usinipigie kelele. Sitakuzuia. Nitakuja nyuma yako nikushikilie kiti mpaka ukae sawa, kama mama yeyote anavyomshikilia mtoto anayejifunza. Lakini ujue, Chepkorir, nitachelewa sana kuachilia.

Mama yako